Chama cha Wadogo na Kiti cha Wakubwa

Kwa miaka mingi sasa habari zitokazo Ulaya zarudia neno moja: vyama vilivyojiita vyama vya wafanyakazi vyapoteza watu wao. Vijana wetu wa sekondari huzisikia habari hizo redioni, nao huuliza: “Hayo yatuhusu nini sisi wa Songo na Kalundu? Sisi tuna shida ya barabara, ya maji, ya mshahara na ya amani. Chama cha watu wa Berlin chatupa nini?” Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa.

Jibu letu ni kwamba yatuhusu sana. Rais aliyeapishwa Kinshasa mwezi wa Januari 2019 alitoka katika chama cha ukoo huo huo. Na mwezi wa Septemba mwaka ule ule, ada ya shule ya msingi ilipofutwa, wazo lililofanya kazi ni la ukoo huo. Basi yatupasa kuujua ukoo huo vizuri: umetoka wapi, wapenda nini, na ni ugonjwa gani unaoumaliza kila mahali.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Katika baraza la Ufaransa mwaka 1789, wale waliotaka kupunguza nguvu za mfalme walikaa upande wa kushoto wa kiti cha msimamizi, na wale waliomtetea wakakaa kulia. Tangu hapo watu husema “mrengo wa kushoto” na “mrengo wa kulia”. Lakini upande wa kushoto una nyumba mbili. Nyumba moja yataka mapinduzi, na mali yote ishikwe na dola: hao ndio Wakomunisti. Nyumba ya pili ni ya watu wa wastani. Wao wakubali kwamba mtu awe na shamba lake na duka lake. Wakubali kura, tena wakubali kushindwa katika kura. Walitakalo ni kwamba serikali itoze kodi kwa haki, wenye nacho wakilipa zaidi, na fedha hiyo ijenge shule na hospitali, imtunze mzee, imlinde kibarua asinyonywe. Mwaka 1959, katika mji wa Bad Godesberg, chama cha wasoshalisti wa Ujerumani Magharibi kiliyaacha waziwazi mafundisho ya Marx, kikakubali uchumi wa soko. Ni nyumba hii ya pili tunayoizungumza leo.

Msomaji Mkatoliki asishtuke kulisikia neno usoshalisti katika ukurasa huu. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alikataa kwamba watu wanyang'anywe mali yao. Lakini barua ile ile yafundisha kwamba mfanyakazi astahili mshahara umtoshao kuishi, tena ana haki ya kuungana na wenzake katika vyama. Kwa kipimo hicho twaweza kuvitazama vyama hivi kwa utulivu, bila kuviogopa na bila kuvisujudia.

Haya, tutazame kwanza Ulaya, maana huko ndiko ugonjwa ulikoonekana wazi. Chama kile cha Ujerumani kilipata kura 40.9 kwa mia mwaka 1998. Mwezi wa Februari 2025 kilipata 16.4 tu. Nchini Ufaransa msoshalisti François Hollande alichaguliwa kuwa Rais mwaka 2012. Miaka mitano baadaye mgombea wa chama chake alipata kura kama 6 kwa mia, na mwaka 2022 mgombea mwingine hakufika hata 2 kwa mia. Nchini Ugiriki chama cha PASOK kilishinda mwaka 2009 kwa kura karibu 44 kwa mia. Mwezi wa Januari 2015 kilibaki na 4.7. Waingereza waliwapa ushindi mkubwa wanachama wa Labour mwaka 2024, viti 411 katika 650. Lakini walikuwa wamepigiwa kura 33.7 kwa mia tu. Ushindi wa namna hiyo ni mpana, lakini hauna kina.

Sababu zake ni nyingi, lakini tatu zatosha kutufundisha.

Sababu ya kwanza ni kwamba nyumba ilipoteza nguzo zake. Vyama hivi vilizaliwa migodini na viwandani. Watu elfu moja waliingia kwa lango moja, wakalipwa na tajiri mmoja, wakakaa katika mitaa ile ile. Jioni walikutana, wakatoa mchango wao, wakachagua msemaji wao. Migodi ya makaa ilipofungwa, na viwanda vilipohamia nchi za mbali, watu wale walitawanyika. Mtoto wa mchimba makaa leo ni karani, au anapeleka vyakula kwa baiskeli nyumba hata nyumba, wala hamjui bwana wake kwa sura. Chama kilibaki na jina na jengo. Watu walikuwa wamekwenda zao.

Sababu ya pili ni kwamba chama kiliponyakua kiti, mkono wake wenyewe ulikata kile kilichokuwa kimeahidi. Mwaka 2003 Gerhard Schröder, mkuu wa serikali ya Ujerumani, alipunguza posho ya watu wasio na kazi. Yeye alisema kwamba nchi ilihitaji dawa hiyo chungu ili kazi zipatikane, na wako wataalamu wanaomsifu hata leo. Lakini wanachama wengi waliona kwamba wamepigwa na baba yao. Wengine waliondoka, wakasaidia kuanzisha chama kingine upande wa kushoto zaidi. Ugiriki nako, serikali ya PASOK ilitia sahihi mkopo mkubwa mwaka 2010, na masharti ya mkopo ule yalikuwa kupunguza mishahara na pensheni. Mwenye deni hana kauli. Na maskini alimlaumu yule aliyekuwa karibu naye.

Sababu ya tatu ni swali la mgeni. Chama husema: “Twawatetea wadogo.” Haya, mkimbizi aliyefika jana, je, ni mdogo wetu au si wetu? Wengine walimkaribisha, na wenyeji maskini wakanung'unika kwamba nyumba na vitanda vya hospitali havitoshi. Wengine, kama wasoshalisti wa Denmark chini ya Mette Frederiksen, aliyeshika uwaziri mkuu mwaka 2019, walifunga mlango kwa ukali, wakapata kura. Lakini wenzao wengi wakauliza kama huo bado ni udugu. Nasi tusiwacheke. Mji wetu umepokea wakimbizi mara nyingi, tena katika bonde letu na milima yetu swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni limemwaga damu. Mwanasiasa aliyekosa la kuwaambia watu juu ya kazi na shule hulikimbilia swali hilo upesi, kwa maana halimgharimu kitu.

Sasa turudi nyumbani. Je, kwetu nguzo zilikuwako? Zilikuwako kidogo. Wazee wa Uvira wakumbuka kiwanda cha sukari cha Kiliba, mashamba ya miwa, na watu waliolipwa mwisho wa mwezi. Vita vilipofika mwaka 1996, kiwanda kilisimama. Ndipo fundi wa mitambo akawa mvuvi, na karani wa ghala akawa mchuuzi. Ni jambo lile lile la Ulaya. Tofauti ni kwamba huko mashine zilizimwa na soko, na hapa zilizimwa na bunduki. Katika mji ambamo karibu kila mtu ajitafutia riziki peke yake, ni nani atakayekusanya mchango, na ataukusanyia kwenye lango gani?

Hata hivyo, Kivu ilijaribu mapema. Mwaka 1958 kilianzishwa Bukavu chama kiitwacho CEREA, na jina la Anicet Kashamura lajulikana sana kati ya viongozi wake. Sababu ya watu kukipenda haikuwa ngumu kueleweka. Kivu ilikuwa na walowezi wengi, na tangu mwaka 1928 Kamati ya Kitaifa ya Kivu, iliyowekwa na Wabelgiji, ilikuwa na mamlaka makubwa ya kugawa ardhi. Mkulima aliona vilima vya babu zake vimekuwa mashamba ya kahawa na chai ya mtu mwingine. CEREA haikutaka kuwa chama cha kabila moja; ilizungumza juu ya ardhi, na juu ya haki ya mtu mdogo. Katika uchaguzi wa Mei 1960 ilipata viti 10 katika Baraza la Taifa lenye viti 137, na watu wake waliingia katika serikali ya Patrice Lumumba.

Lakini manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika siku zile zile za uhuru chama kilipasuka: huku watu wa Kashamura, huku watu wa Weregemere, huku watu wa Bisukiro. Kila mkuu aliondoka na wafuasi wake, na wakulima wa vilimani waliobaki na malalamiko yao hawakujua tena wampe nani ayapeleke barazani. Mwezi wa Mei 1964 waasi waliiteka Uvira. Hatusemi kwamba mpasuko wa chama kimoja ndio ulioleta uasi, kwa maana sababu zake zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa za hapa hapa bondeni. Twasema hivi tu: pale ambapo lawama ya mdogo haina njia ya kufika barazani kwa amani, yuko mtu atakayeipa bunduki.

Baada ya hapo likaja jiwe kubwa. Mwaka 1967 Mobutu alianzisha chama chake, MPR, na kwa muda wa miaka mingi kila Mkongo alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Chama kisichomwuliza mtu kama ataka kuingia hakimfundishi kuwa mwanachama. Chamfundisha kupiga makofi. Katika giza hilo wabunge 13 waliandika barua ya wazi kwa Mobutu mwaka 1980, nao walifungwa na kuhamishwa. Tarehe 15 Februari 1982 Étienne Tshisekedi na wenzake walianzisha UDPS, na katika jina lake waliweka demokrasi pamoja na maendeleo ya jamii. Baadaye chama hicho kilipokewa katika ushirika wa vyama vya kisoshalisti vya ulimwengu. Kwa miaka mingi watu wake waliteswa kwa ajili ya neno hilo. Yeyote anayewakosoa leo na akumbuke hayo kwanza.

Kwa upande wa pili alikuwako mzee Antoine Gizenga na chama chake cha PALU, kilichoanzishwa mwaka 1964 kwa kumfuata Lumumba. Katika uchaguzi wa mwaka 2006 Gizenga alikuwa wa tatu, kwa kura 13 kwa mia, na wengi wa wapiga kura hao walikuwa wakulima wa Bandundu. Katika duru ya pili alimwunga mkono Joseph Kabila, naye akapewa uwaziri mkuu. Baada yake akafuata Adolphe Muzito wa chama hicho hicho, hata mwaka 2012. Basi kwa miaka mitano chama cha wadogo kilikaa kwenye kiti cha pili cha nchi. Kilipata nini? Katika uchaguzi wa mwaka 2011 viti vyake vilipungua kutoka 34 hata 19. Gizenga aliaga dunia mwezi wa Februari 2019, na Muzito alijitenga akaanzisha chama chake. Wengi walikuwa wamekishika chama kwa ajili ya mzee. Mzee alipoondoka, wachache walijua ni kwa ajili ya nini kingine wakishike.

Majirani zetu nao wana mafundisho yao. Ng'ambo ya ziwa, Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu katika shule za misheni, aliongoza TANU tangu mwaka 1954, na tarehe 5 Februari 1967 chama kilitangaza Azimio la Arusha. Azimio lile lilikuwa na sheria kali kwa viongozi wenyewe: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Ujamaa wa vijijini ulileta shule na zahanati, lakini pia ulileta kuhamishwa kwa nguvu na upungufu wa mazao. Wenyewe wameyasema hayo. Lakini jambo tunalotaka kuliangalia ni jingine. Mwezi wa Februari 1991, katika kikao cha Zanzibar, chama kililegeza sheria ile ya viongozi. Tangu siku hiyo kiongozi aliweza kuwa tajiri bila kuuacha uongozi. Chama kiliendelea kushinda uchaguzi. Lakini watu wengi husema kwamba siku hiyo ndipo kilipobadilika. Mwaka 2014 chama kipya, ACT-Wazalendo, kilianzishwa kikisema chataka kuirudia misingi ya Arusha, na mwaka 2015 kilipata jimbo moja tu la ubunge, yaani Kigoma Mjini, jirani zetu wa ziwani.

Na hapa karibu zaidi, ng'ambo ya Ruzizi, Melchior Ndadaye na chama cha FRODEBU walichaguliwa kwa haki mwezi wa Juni 1993. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo askari walimwua. Maelfu ya watu walivuka mto, wakaja kwetu. Huko Ulaya chama chaogopa kupoteza kura. Katika nchi zetu chama chaweza kushinda kura, na bado kikapoteza kila kitu kwa usiku mmoja. Yeyote atakayeandika juu ya shida za vyama hivi na kuisahau bunduki, hajaandika habari zetu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe linalogusa kila nyumba, yaani shule. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Kwa miaka kumi na mitatu maneno hayo yalikaa kwenye karatasi, na wazazi waliendelea kuwalipa walimu kutoka mifukoni mwao. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ya Félix Tshisekedi iliamua kuyatekeleza. Tuseme kweli: jambo hilo ni kubwa. Mamilioni ya watoto waliingia shuleni. Msichana aliyekuwa akibaki nyumbani ili kaka yake asome, alipewa daftari. Kama chama cha wadogo kina kazi yoyote duniani, kazi yake ni hiyo.

Lakini twaijua pia bei yake, sisi tunaosimama mbele ya ubao. Darasa lililojengwa kwa watoto 50 liliwapokea zaidi ya 100. Walimu wa mijini, waliokuwa wakipata nyongeza kutoka kwa wazazi, waliipoteza nyongeza hiyo kwa siku moja. Walimu wengine walifundisha bila kuandikwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 mwaka 2020 kwa ajili ya mpango huo. Lakini shule ya nchi nzima haiwezi kuishi kwa fedha ya nje, kama vile mtoto asivyoweza kulelewa kwa zawadi. Mwezi wa Oktoba 2021 walimu wa shule za Kikatoliki waligoma. Mwezi wa Septemba 2024 walimu wa Kivu waligoma tena. Ikawa ajabu ya kusikitisha: serikali ya chama cha jamii yapambana na walimu, na walimu ndio waliopaswa kuwa rafiki zake wa kwanza.

Hapo twaona ugonjwa ule ule wa Ulaya ukivaa nguo za Kikongo. Ahadi ni njema, lakini mfuko ni mtupu, kwa maana nchi yenye madini mengi hivi hukusanya kodi haba, na sehemu ya kodi hiyo hupotea njiani. Tena chama kilipofika kwenye kiti, kilijaa watu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 uliundwa Umoja Mtakatifu wa Taifa, na waliokuwa jana wakimtumikia utawala wa zamani walivuka kwa wingi. Walivuka kwa kuipenda elimu ya bure, au kwa kukipenda kiti? Kila mmoja aijibu dhamiri yake. Ndani ya UDPS yenyewe uongozi ulitoka kwa baba ukaja kwa mwana mwaka 2018, na mwaka 2022 Jean-Marc Kabund, aliyekuwa amekaimu uenyekiti, alifukuzwa. Magomvi ya namna hiyo hayahusu karo wala mshahara; yahusu nani akae wapi.

Basi, tukikusanya yote haya, neno letu ni moja. Chama cha wadogo hufa pale wadogo wanapoacha kuwa wenyewe wa chama. Wenyewe wa chama ni wale wanaotoa mchango, hata kama ni mdogo. Wanaokutana, hata bila kuwako mkubwa. Wanaodai hesabu, na waweza kumwondoa kiongozi. Ujerumani walitawanyika. Kwa PALU walimfuata mzee. Ng'ambo ya ziwa viongozi walijifungulia mlango wa mali. Hapa Kongo mara nyingi hatukupewa hata nafasi ya kujaribu: mwanasiasa alitujia na fulana, chumvi na pombe, nasi tukazipokea. Mkono mtupu haulambwi, husema watu. Ni kweli; lakini mkono uliojaa fulana huishika kura yako miaka mitano.

Yuko atakayesema: “Mwalimu, maneno hayo ni mazuri, lakini mtu mwenye njaa hawezi kulipa mchango wa chama. Tena sheria imewafungia wadogo mlango.” Ni kweli kwamba sheria ya uchaguzi yataka orodha ipate walau kura 1 kwa mia ya nchi nzima ndipo igawiwe viti vya Baraza la Taifa, na kwa hiyo kundi dogo la Uvira halifiki Kinshasa peke yake; lazima liingie chini ya kivuli cha mkubwa. Ni kweli pia kwamba vita havitoi nafasi. Goma ilitekwa mwezi wa Januari 2025, Bukavu mwezi wa Februari, na mwezi wa Desemba mwaka huo waasi waliingia Uvira yenyewe. Mtu aliyefunga mizigo yake usiku hafikirii mkutano wa tawi.

Lakini tuwatazame mama zetu wa soko la Kalundu. Wao ni maskini kuliko wengi wanaosema hawana kitu. Hata hivyo wanatoa likelemba yao kwa zamu. Kila mmoja ajua ni nani ashikaye fedha, ni zamu ya nani wiki hii, na aliyekula fedha ya wenzake hataonyesha uso wake sokoni tena. Mkutano wao hauhitaji kipaza sauti. Wakikimbia vita, hurudi na kuanza upya. Kama mama muuza ndagala aweza kudai hesabu ya franka zake chache, kwa nini mume wake asiweze kudai hesabu ya chama kinachoomba kura yake? Haba na haba hujaza kibaba.

Na ulimwenguni uko mfano wa kututia moyo. Nchini Brazil, mwaka 1980, mafundi wa viwanda vya São Paulo, pamoja na walimu na watu wengi waliojifunza kusema mbele za wenzao katika jumuiya ndogo za Kikristo, walianzisha Chama cha Wafanyakazi. Kiongozi wao, Lula, fundi wa vyuma, alishindwa uchaguzi wa Rais mara tatu kabla ya kushinda mwaka 2002. Tangu mwaka 2003 serikali yake iliwapa akina mama maskini posho ya kila mwezi kwa sharti kwamba watoto waende shuleni na wapelekwe kupimwa afya. Hata chama hicho hakikuwa cha malaika: kashfa za rushwa zilikiaibisha sana, na mwaka 2018 kilishindwa. Lakini mwaka 2022 Lula alirudi, kwa tofauti ndogo ya kura. Chama kilichojengwa kutoka chini chaweza kuanguka, na bado kikawakuta watu wake pale chini kilipoanguka.

Kwa hiyo, ninyi wazazi, atakapokuja mtu kuwaambia kwamba chama chake ni cha wadogo, msimwulize kabila lake. Mwulizeni maswali manne. Fedha ya chama yatoka wapi? Ni nani awezaye kumwondoa mwenyekiti, na kwa njia gani? Mwalimu wa mtoto wangu atalipwa kwa kodi ipi? Na mwisho: mkishindwa katika kura, mtafanya nini siku ya pili yake? Asiyeweza kujibu maswali hayo ataka kiti tu, hata akivaa nguo za fundi.

Nanyi wanafunzi, msidharau kazi ndogo. Yule anayejifunza leo kuandika vizuri kumbukumbu za mkutano wa darasa, kuhesabu mchango wa wenzake bila kupunguza hata franka moja, na kumwachia mwingine uongozi zamu yake ikiisha, huyo amejifunza siasa kuliko yule anayeweza kutaja majina ya mawaziri wote. Ulaya vyama vikubwa vimepungua kwa sababu watu wa namna hiyo wamepungua ndani yake. Hapa Uvira bado twaweza kuwalea. Darasa limejaa mno, madawati hayatoshi, na mshahara wachelewa. Lakini watoto wamekuja, nao wametukodolea macho. Na tuwafundishe.